Frateri Aliyeninoa kwa Usaili

Ukitaka kumchukiza Frateri, ilikuwa rahisi sana: mpe jibu. Ukimwambia mvua itanyesha, atakuuliza umejuaje. Ukimwambia mawingu yametanda, atakuuliza kama kila mawingu yakitanda mvua hunyesha, na kama sivyo, hayo mawingu umeyaleta ya nini kwenye mazungumzo. Wewe ulikuwa unapita zako na ndoo ya maji kichwani, sasa umesimama njiani unajitetea. Watu wa mtaa wake pale Mbinga mjini walishajifunza. Walikuwa wanamtupia Shikamoo kwa mbali, wanapokea Marahaba yao, wanaongeza mwendo.

Mimi sikuongeza mwendo. Nilikwenda kwake kwa miguu yangu mwenyewe nikamwomba anisaidie, na nilichovuna bado kinanichoma. Kwa hiyo anayesoma hapa asitegemee sifa tupu. Sifa anazo, na nitazitaja kwa sababu sitaki kumwonea. Lakini nina hasira naye, na sioni kwa nini niifiche.

Frateri ni jina wanaloitwa vijana wanaosomea upadri, na yeye alikuwa na mvi mpaka kwenye nyusi. Alikaa seminari, akaacha kabla ya kupewa daraja la upadri, akaenda chuo kikuu, akafundisha falsafa vyuoni huko mikoani, halafu siku moja akarudi Mbinga na mabegi ya vitabu na suruali zilizopauka. Jina la ujana likawa limemganda. Mwenyewe hakulikataa. Watu wa sokoni wakimtania kwa kumwita Dokta au Profesa, alikuwa anawakatalia papo hapo, anasema vyeo ni nguo za kuazima na yeye ana zake. Alisema aliacha chuo kwa sababu ya kelele. Tulimwamini, maana kweli kelele hakuzipenda. Mimi usoni nilimwita Mwalimu.

Sasa nieleze nilifikaje mikononi mwake. Nilikuwa nimerudi kwa mama, kijijini Mpepai, namalizia tasnifu ya shahada ya uzamili ya falsafa. Kwa wasioijua hali hiyo, niwaambie: hakuna anayekuelewa. Jirani anauliza umesomea nini, unasema falsafa, anauliza ndiyo kazi gani. Mjomba wangu alinikalisha chini kwa upole kabisa akanieleza kwamba falsafa wanasoma wanaokwenda kuwa mapadri, na mwanamke hapewi upadri, kwa hiyo nani alinidanganya. Mama, aliyenisomesha kwa kahawa yake, alishachoka kufafanua. Akiulizwa kanisani alikuwa anasema nasomea ualimu wa juu, basi, wanaitikia na kuendelea na mambo yao.

Nami nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka kuwa mhadhiri msaidizi, nisimame mbele ya darasa la chuo nifundishe falsafa. Lakini nafasi zenyewe! Linatoka tangazo, nafasi moja ya falsafa, nchi nzima inaigombea. Wanataka uzoefu, na uzoefu hupati mpaka upewe nafasi. Unakwenda kwenye duka la kompyuta pale mjini unapakia vyeti, mtandao unakata, unapakia upya, mwenye duka anakuangalia kwa huruma. Ukibahatika kuitwa, unaingia mbele ya jopo, unaulizwa swali, ulimi unakuwa mzito. Hivyo ndivyo ilivyonitokea nilipoitwa mara ya kwanza. Nilitoka pale nikalia chooni, nikanawa uso, nikapanda basi.

Ndipo nikamwendea Frateri. Wilaya nzima ya Mbinga hakuna mwingine ambaye ningemwambia neno mantiki akajua nazungumzia nini.

Alikubali, ila alikuwa na masharti. Sharti la kwanza lilikuwa jembe. Alikuwa na kipande cha shamba mlimani, na msimu wa ngolo ulikuwa umefika. Ngolo ni yale mashimo yetu Wamatengo ya kwenye miteremko: mwanamume anafyeka majani anayalaza chini kwa miraba, mwanamke anachimba katikati ya kila mraba na kufukia majani kwa udongo. Basi Frateri akawa analaza majani, mimi nachimba, na huko huko ndiko darasani. Yeye anapinga, mimi najibu huku nimeinama. Miraba yake ilikwenda upande, maana akipata hoja nzuri alikuwa anasimama na majani mkononi, anaongea, halafu anayatupa popote. Nikimwambia mraba umepinda, ananiuliza nini maana ya kupinda. Mgongo ukinivunjika hivyo, jamani, nilitamani kumpiga na mpini.

Sharti la pili ndilo lililonimaliza. Alisema ni marufuku kujibu swali kabla hujamrudishia mwenzio hoja yake. Ndivyo walivyofundishwa seminari, na yeye hakuwahi kuuacha utaratibu ule hata akinunua chumvi. Mtu akikuuliza au akikupinga, kwanza unarudia hoja yake kwa maneno yako, tena kwa nguvu kuliko alivyoisema mwenyewe. Kisha unamwuliza: nimekuelewa sawasawa? Unangoja. Mpaka aitikie kwa kichwa, huna ruhusa ya kusema neno lako. Akitikisa kukataa, unaanza upya. Kujibu kabla ya hapo alikuita wizi, unamnyang'anya mtu hoja yake kabla hajaishika.

Kwa kweli ulikuwa utaratibu mzuri. Hapo sina ubishi. Kabla yake nilikuwa narukia maswali kama mtu anayekimbia mbwa. Baada ya msimu mmoja pale mlimani niliweza kusikiliza, niliweza kuona hoja ilipofichama na ilipovunjika. Tasnifu yangu ilinyooka. Msimamizi wangu chuoni aliandika kwamba sasa anasoma mtu mwingine. Hayo yote ni ya Frateri, nayasema wazi.

Siku za mvua tulihamia dukani kwa Alhaji, mzee mmoja Mwislamu ambaye babu yake alitoka Lindi, anayeuza sukari, sabuni na misumari karibu na stendi. Alhaji ndiye mtu pekee aliyefurahia kubishana na Frateri, wakawa wanabishana miaka nenda miaka rudi kuhusu kama Mungu anaweza kujua kitu kisichokuwapo. Akaombwa awe jopo langu. Anaketi nyuma ya mzani anakunja uso, ananiuliza kwa sauti nzito, haya, binti, tukuajiri kwa lipi? Namrudishia hoja, namwuliza nimekuelewa sawasawa. Wateja wanangoja na pesa mkononi. Siku moja mama mmoja aliyetaka mafuta ya taa akasema kama chuoni ndiko wanakoongea hivyo, basi wanafunzi wanalala na njaa. Alhaji akacheka mpaka kofia ikaanguka. Frateri hakucheka. Alimgeukia yule mama akamwuliza, anamaanisha wanafunzi wote au baadhi?

Mtu wa namna hiyo kuishi naye ni kazi, na hakuishi naye mtu. Lakini juu ya ukweli alikuwa hana mchezo, na hili naomba lieleweke vizuri, maana ndiko hasira yangu inakotoka. Aliwahi kuombwa kwenye sherehe ya harusi asimame amzungumzie bwana harusi kwa maneno machache. Akasimama, kipaza sauti mkononi, akasema huyu kijana simjui vya kutosha, akaketi. Nilipomwomba awe mdhamini wangu kwenye maombi ya kazi, aandike barua kunisifu, alikataa katakata. Alisema sifa ni sentensi isiyoweza kupimwa, na yeye hatii sahihi kwenye kitu kisichopimika. Nilinuna wiki nzima. Mama akaniambia niache kumsumbua mzee wa watu, nitafute wadhamini chuoni. Nikatafuta.

Na kuna siku nyingine ambayo hata leo nikiikumbuka moyo unalegea, halafu nakasirika kwa kulegea kwenyewe. Ilikuwa masika, barabara ya Mpepai imekuwa tope tupu. Asubuhi tunasikia hodi. Frateri yuko mlangoni, viatu amevishika mkononi, suruali imelowa mpaka magotini. Amepanda kutoka mjini kwa miguu. Mama alishtuka akadhani kuna msiba. Frateri akasema amekuja kwa sababu Jumamosi alinipinga kwa hoja isiyo ya haki, nami nikakubali kushindwa wakati sikushindwa, na hakupata usingizi. Mama akampa uji. Akanywa amesimama, akageuza akarudi mjini na tope lake.

Huyo ndiye mtu niliyemjua mimi.

Basi likatoka tangazo la chuo kimoja kipya kule Songea. Nafasi moja, mhadhiri msaidizi, falsafa na maadili. Nikaomba, nikaitwa. Tukajinoa kufa na kupona, mlimani na dukani. Wiki ya mwisho Frateri akawa hapatikani. Alhaji akasema ameaga ana safari. Sikuwaza lolote. Mama alinipigia pasi gauni, akanisindikiza mpaka stendi alfajiri, akaniambia maneno machache tu: mwanangu, hii ikikubali, mimi napumzika. Mama si mtu wa kusema hivyo. Niliyabeba maneno yale njia nzima.

Nikaingia chumba cha usaili. Meza ndefu, maji ya chupa, watu wamepangana. Na mwisho wa meza, ndani ya koti la suti ambalo sijawahi kuliona, kakaa Frateri.

Nikasema Shikamooni. Wakaitikia Marahaba, naye akaitikia pamoja nao, sauti ile ile. Mwenyekiti wa jopo, mama mmoja mpole, akawatambulisha: huyu ni wa utawala, huyu ni wa taaluma, na yule mzee ni mtaalamu wetu wa falsafa tuliyemwalika kutoka nje. Kisha akasema kwa taratibu za chuo, wajumbe wote wameshathibitisha kwamba hawamfahamu msailiwa yeyote wa leo. Na wewe, binti, kuna mjumbe yeyote humu unayemfahamu?

Nikamwangalia Frateri. Alikuwa anaangalia kalamu yake.

Mnielewe nilikuwa wapi. Nikisema namfahamu, nimemvua nguo mzee mbele ya watu. Nimesema huyu mnayemwita mtaalamu amewadanganya dakika chache zilizopita. Mimi ni mtoto wa Kimatengo, nimelelewa kwa Shikamoo, mdomo wangu haukujua pa kuanzia kufanya kitu kama hicho. Tena nikajidanganya kwamba ana hesabu zake, huyu hawezi kusema uongo bila sababu kubwa, labda ni kwa faida yangu. Nikasema hapana, simfahamu yeyote.

Akauliza wa utawala, nikajibu. Akauliza wa taaluma, nikajibu vizuri, niliona mwenyekiti anaandika huku anatabasamu. Ikafika zamu ya Frateri. Akaniuliza kama serikali ina haki ya kumlazimisha mkulima kulima zao asilolitaka. Moyo ukaruka kwa furaha. Swali lile tulilichimba wote mlimani, na majani tukayalaza juu yake. Nikashusha pumzi, nikaanza kumrudishia hoja yake kama alivyonifundisha. Nikasema anayeuliza hivi huenda anaona kwamba serikali huona njaa ya mwakani wakati mkulima anaona ya leo, nikaijenga, nikaitia nguvu, mpaka nikaona yule wa taaluma amesogeza kiti mbele. Kisha nikamwuliza: nimekuelewa sawasawa?

Nikangoja aitikie kwa kichwa.

Hakuitikia. Alimgeukia mwenyekiti kidogo, akarudi kwangu, akasema: "Binti, jibu swali. Hatuna siku nzima."

Watu wa jopo wakacheka, si kwa ubaya, kicheko cha kuchoka. Nami nikabaki pale nimeshika hewa. Miezi yote ile mtu ananikataza kujibu kabla hajaitikia, ananirudisha mwanzo, ananiita mwizi, halafu mtu huyo huyo. Nilisema kitu, sijui nilisema nini. Nilisikia sauti yangu inatetemeka nikawa nawaza mtetemeko badala ya hoja. Mwenyekiti akaniuliza kama ninahitaji maji. Nikayanywa maji yao.

Jina la aliyepata lilipita kwenye kundi la wasap la waombaji. Halikuwa langu. Mama hakulalamika. Alichukua jembe akaenda kwenye mibuni, na niliona kwa mgongo wake kwamba alikuwa analia.

Nilikwenda kwa Frateri nikakuta kufuli. Alhaji akaniambia ameshuka Liuli kutibiwa macho, anakaa kwa binti wa dada yake. Alitaka kujua ya usaili. Nikamweleza yote, kila neno, hapo hapo mbele ya wateja. Alhaji akaanza kupanga sabuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mwishoni akasema hakujua, wallahi hakujua. Nikamwamini.

Mama alinisihi niache. Akasema mzee ni mzee, na Mungu anaona. Nikamwambia na mimi naona. Nilivumilia mavuno ya kahawa yote nikiwa na hasira ile, nalala nayo, naamka nayo, nafundisha masaa ya kujitolea kwenye sekondari huku natukana kimoyomoyo. Kahawa ilipoisha nikashuka ziwani. Basi mpaka Mbamba Bay, bodaboda mpaka Liuli, hasira njia nzima.

Nilimkuta ufukweni. Binti wa dada yake anakausha usipa, wale dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, na kazi ya Frateri ilikuwa kukaa kando ya chanja na fimbo awafukuze kunguru. Jicho moja lilikuwa na bandeji. Alikuwa amekonda. Nisingependa kusema nilimhurumia, lakini nilimhurumia, na hilo likanikasirisha zaidi.

Nikasema Shikamoo. Akasema Marahaba, akanijua kwa sauti. Akamwita binti wa dada yake aniletee kigoda. Nikakataa kuketi. Nikamwuliza kwa nini aliwaambia hanifahamu.

Akainua kidole kama zamani, akaanza kwamba kufahamu kuna namna nyingi, kuna kumfahamu mtu na kuna kufahamu kazi yake, na kwamba chuo hakikufafanua.

"Jibu swali, Mwalimu," nikasema.

Kidole kikashuka. Akapapasa ile fimbo. Kisha akaniambia yaliyokuwa yamejificha miaka yote. Chuo hakukiacha kwa ajili ya kelele. Walimwondoa. Ilitoka amri kila mhadhiri awe na shahada ya uzamivu, yeye ya kwake hakuimaliza, alikuwa kila akiandika sura anaipinga mwenyewe na kuichana. Vijana aliowafundisha ndio waliokuja kukaa kwenye majopo, wakawa wanasaili watu, wanaitwa huku na huku. Yeye hakuitwa na mtu. Mpaka siku moja kikampigia simu chuo kidogo cha Songea ambacho hakikuwa na mtu yeyote wa falsafa.

"Walipouliza nani anamfahamu msailiwa, nikajua nikisema ndiyo watanitoa," alisema. "Nilitaka kukaa pale. Hata siku moja."

"Na kwa nini ukanikatiza?"

"Ulikuwa unasema kwa sauti yangu. Neno kwa neno. Nikaona hawa watajua sasa hivi kwamba nimekulea mimi. Nikaogopa."

Nilitegemea ataendelea. Nilitegemea labda ataniomba msamaha, au hata ataleta hoja, maana hoja ningeivunja. Hakukuwa na kingine. Binti wa dada yake alikuwa amesimama na kigoda mkononi, hajui akiweke wapi.

"Hata mimi nilitaka kukaa pale, Mwalimu," nikamwambia. "Na mimi sikutaka siku moja."

Kunguru wakashuka kwenye usipa, wawili, kisha kundi zima. Aliwasikia, nilimwona anawasikia. Fimbo ilikuwa magotini pake na hakuinyanyua, wala mimi sikumnyanyulia.